Kipenga cha Alfajiri: Mchakamchaka na Wasomi wa Mlimani

Saa kumi na nusu alfajiri kipenga hulia mara moja tu. Ndani ya hanga, kwenye vitanda vya chuma vilivyobebana, kuruta aliyemaliza mtihani wa kidato cha sita majuma machache yaliyopita anapapasa gizani akitafuta raba zake. Kamba hazifungi, anazichomeka pembeni mwa kifundo cha mguu na kukimbilia mlangoni. Nje afande amesimama na tochi, kimya, na ukimya wake unatisha kuliko kelele. Wa mwisho kutoka ataruka kichurachura mpaka magoti yagome. Dakika chache baadaye mistari mitatu imenyooka, vumbi la barabara ya kambi linaanza kutimka, na mtu mmoja anayekimbia pembeni anapaza sauti.

Sauti hiyo ndiyo injini ya shughuli nzima. Mwenyewe hakimbii mbele, hukimbia ubavuni, mahali ambapo mistari yote inamsikia. Anatupa ubeti mfupi, kundi linaitikia kwa maneno machache, naye anatupa mwingine. Hatua ni fupi, mguu haunyanyuliwi juu, na silabi yenye uzito huangukia pale kisigino cha kushoto kinapogusa ardhi. Kambini nyimbo hizi huitwa chenja. Anayezisikia kwa mbali hudhani ni za kuchangamsha tu, lakini zina kazi ya mwili: kiongozi anapoimba, wengine wanavuta pumzi, wengine wanapoitikia, kiongozi anavuta yake. Wataalamu wa mazoezi wa leo wana kipimo rahisi kisichohitaji mashine. Mtu anayefanya zoezi la kadiri huweza kuongea lakini hawezi kuimba wimbo mzima. Aliyezidisha hata kuongea kunamshinda. Mchakamchaka unakaa katikati hapo. Kiitikio kikianza kufifia, mwanzishaji mwenye uzoefu hupunguza mwendo bila kuambiwa na mtu.

Historia ya wasomi wa Tanzania na miili yao imepita katika njia hiyo ya vumbi, na haikupita kwa amani.

Kukimbia kwa safu na kuimba hakukuzaliwa baada ya Uhuru. Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, walikuwa na nyimbo zao za Kiswahili za safari ndefu, na gwaride la kikoloni liliwavutia watu wa pwani kiasi kwamba waliligeuza kuwa ngoma. Beni, ngoma iliyoiga bendi na vyeo vya kijeshi, ilichezwa kuanzia Lamu hadi Tanga na Dar es Salaam, ikasambaa mpaka bara. Shule za serikali nazo zilikuwa na mazoezi ya viungo ya kuhesabiwa, mikono juu, mikono chini, chini ya mwalimu mwenye filimbi. Kwa hiyo taifa jipya lilipotaka vijana wake wakimbie pamoja, halikuwa na haja ya kubuni kitu. Mapigo yalikuwapo, lugha ilikuwapo, na watu walishajua kuitikia.

Chuo kikuu ndicho kilichokuwa kigeni. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kilifungua milango katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 15. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kilima kilicho upande wa Ubungo, na tangu hapo watu wakakiita Mlimani. Mtu akisimama kule juu alikuwa akiona jiji likiwa mbali kwa chini, na wengi waliona picha hiyo inasema kweli kuhusu waliokuwa wakisoma pale. Katika nchi iliyokuwa na wahitimu wa kuhesabika, mwanafunzi wa Mlimani alijua kwamba akitoka atapata ofisi, nyumba ya serikali na gari. Na baada ya miaka michache angepata kitambi, ambacho enzi zile hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa cheo. Mtu mwenye kitambi alisalimiwa kwa heshima zaidi sokoni, na wenye magari ya Mercedes walikuwa wameshapewa jina lao, wabenzi, kana kwamba ni kabila.

Wakati huohuo, upande mwingine wa Dar es Salaam, vijana wa aina nyingine walikuwa wakiamshwa na kipenga. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Walioingia mwanzoni walikuwa wa kujitolea, wengi wao vijana wa TANU waliokuwa na elimu ndogo au wasiokuwa nayo kabisa. Walilima, walijenga barabara, walifundishwa kusoma, walifundishwa kwata. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, serikali ilipounda jeshi jipya ilichota watu hasa kutoka kwa vijana hao. JKT ikawa mahali ambapo mtoto wa mkulima angeweza kuanza safari ya kuwa ofisa. Ila mwanafunzi wa Mlimani hakuwamo, na swali likaanza kuulizwa katika mikutano na magazetini: kwa nini jasho liwe la waliokosa shule peke yao?

Jibu la serikali lilikuja mwaka 1966. Wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo wangetumikia JKT kwa miaka miwili kwa mujibu wa sheria. Miezi ya mwanzo wangekaa kambini, na muda uliobaki wangefanya kazi walizosomea huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Hesabu hiyo ndiyo iliyochoma. Wanafunzi walisema wanatoka katika familia zilizouza ng'ombe na kahawa ili wasome, kwamba wadogo zao wanawangoja, na kwamba mawaziri wanaoimba kujitolea hawajakatwa hata senti.

Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966 walishuka kilimani wakiwa na majoho ya chuo, wakaandamana mpaka Ikulu. Bango moja lilidai kwamba enzi za mkoloni zilikuwa nafuu. Rais Nyerere aliwasikiliza mpaka wakamaliza kusoma risala yao, kisha akawajibu kwa hasira iliyokumbukwa kwa miaka mingi. Alikubali hoja yao ya mishahara kwa namna ambayo hawakuitarajia: alitangaza palepale kupunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20. Halafu akawafukuza. Karibu wanafunzi 400 wa Chuo Kikuu na vyuo vingine walipakiwa kwenye magari na kurudishwa vijijini kwao. Wengi walirejeshwa mwaka uliofuata, baada ya kuomba radhi.

Tukio hilo limeandikwa mara nyingi kama habari ya siasa, na ndivyo lilivyo. Miezi mitatu na nusu baadaye lilikuja Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa, na wanahistoria wengi wanaona uzi unaounganisha mambo hayo mawili. Lakini kuna jambo jingine ndani yake ambalo halisemwi sana. Katika mabishano yote yale, upande wa serikali na upande wa wanafunzi, hakuna aliyekuwa akizungumzia afya. Mwili wa msomi ulijadiliwa kama deni. Taifa limekusomesha, kwa hiyo taifa linadai mabega yako, miguu yako na asilimia 60 ya mshahara wako. Wanafunzi nao walijibu kama wadaiwa wanaoona riba imezidi. Kwamba kuamka alfajiri, kukimbia na kushika jembe kungeweza kuwa mali ya mwanafunzi mwenyewe, kitu cha kumlinda akiwa na miaka 50, halikuwa wazo lililokuwa mezani.

Halikuwa mezani kwa sehemu kwa sababu sayansi yenyewe ilikuwa changa. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, alikuwa amechapisha uchunguzi kuhusu mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima wakikata tiketi, waliugua moyo mara chache kuliko madereva waliokaa kwenye kiti, ingawa wote walitoka katika mitaa ileile na tabaka lilelile. Lilikuwa jambo jipya kabisa. Kabla ya hapo madaktari wengi waliona kukimbia ovyo ukiwa mtu mzima ni kuuchosha moyo bure.

Uchunguzi unaowahusu wasomi moja kwa moja ulianza miaka ya 1960 huko Marekani, na unastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu unagusa kila kuruta wa zamani. Ralph Paffenbarger aliwafuatilia wanaume 16,936 waliojiunga na Chuo Kikuu cha Harvard kati ya 1916 na 1950. Chuo kilikuwa na kumbukumbu za nani alicheza mchezo gani akiwa mwanafunzi, na Paffenbarger aliwaandikia wenyewe dodoso: unapanda ngazi ngapi kwa siku, unatembea umbali gani, unacheza nini. Mwaka 1986 alitoa majibu. Waliotumia kalori 2,000 au zaidi kwa wiki katika kutembea, ngazi na michezo walikuwa na kiwango cha vifo kilichokuwa chini kwa robo hadi theluthi kikilinganishwa na cha wale wasiojishughulisha.

Jambo lililowashangaza wengi lilikuwa jingine. Kuwa mwanamichezo wa chuo hakukumlinda mtu. Aliyekuwa nyota wa uwanjani akiwa na miaka 20, kisha akakalia kiti, hakuwa na nafuu yoyote ya maana. Na yule mwembamba wa maktaba ambaye hakuwahi kugusa mpira lakini akaanza kutembea na kukimbia alipokuwa mtu mzima, alivuna faida kamili. Mwili hauna akiba ya namna hiyo. Paffenbarger aliyaamini matokeo yake: yeye mwenyewe alianza kukimbia akiwa amepita miaka 40, akamaliza marathoni nyingi.

Tukirudi kambini na matokeo hayo mkononi, maswali yanabadilika. Sheria ya 1966 ilimkimbiza msomi kwa miezi. Nini kilimfuata nyumbani?

Waliopita kambi za Ruvu, Makutupora, Mafinga, Oljoro au Mgambo katika miaka ya 1970 na 1980 hawaulizani walisoma nini. Wakikutana, hata kama ni kwenye foleni ya benki, swali ni moja: ulikuwa operesheni gani? Kila kundi la kuruta lilipewa jina la operesheni yake, na jina hilo hubaki kama kabila dogo. Baada ya jibu, watu wazima wenye mvi huanza kucheka na kukumbuka mambo ya mwili. Maharage yenye wadudu waliohesabiwa kuwa ni kitoweo. Fatiki ya kubeba kuni kutoka porini. Lindo la usiku ambapo mti uligeuka mtu. Vidole vya miguu vilivyotoka malengelenge wiki ya kwanza, vikakomaa wiki ya tatu.

Na hukumbuka kilichowaandaa kwa maisha kuliko mihadhara mingi. Binti wa Moshi ambaye hakuwahi kulala chumba kimoja na mtu wa Lindi alijifunza kumsubiri mwenzake aanike chupi ya jana kwenye dirisha hilohilo. Mwanafunzi wa sheria alipika uji wa watu mia kadhaa kwenye pipa, akajua kwamba kuni zikiwa mbichi hakuna hoja itakayoupika. Daktari mtarajiwa aligundua kwamba akichoka sana huwa mkali kwa wagonjwa, kabla hajakutana na mgonjwa. Kuchoka pamoja na watu usiowachagua, kisha kuamka kesho yake na kuendelea nao, ni elimu ambayo chuo hakina kitivo chake. Kwa hili JKT inadaiwa shukrani ya dhati, na wengi waliopita huko huitoa bila kuombwa.

Kukimbia na kutembea hakukuishia kambini: mwaka 1967 nchi yote ilikuwa kama imeingia barabarani. Watu walitembea mkoa kwa mkoa kuunga mkono Azimio la Arusha. Kijana Seti Benjamin alifariki akiwa katika matembezi hayo, na jina lake likapewa shule. Oktoba mwaka huo Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Miguu ilikuwa lugha ya utii na ya imani. Shuleni mchakamchaka ukawa sehemu ya ratiba ya asubuhi, kabla ya usafi na kengele ya kwanza, na watoto wa darasa la nne walikimbia wakiimba nyimbo zilizotoka kambini. Vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa 1978, nyimbo hizo zilipata adui mwenye jina. Watu wazima wa leo waliosoma shule za msingi wakati ule bado wanakumbuka beti zilizomtaja Iddi Amin wa Uganda, na mwendo wa nyimbo hizo.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikwenda mbali zaidi. Kuanzia hapo kidato cha sita hakikuwa mlango wa moja kwa moja wa Chuo Kikuu. Kijana alipaswa kumaliza JKT, afanye kazi angalau miaka miwili, kisha aombe nafasi akiwa na barua ya Chama na ya mwajiri inayothibitisha mwenendo wake. Hilo ni jaribio la ajabu, na halijapewa umakini linaostahili: nchi maskini iliamua kwamba utayari wa maisha uje kabla ya shahada. Mlimani ilijaa wanafunzi waliokuwa walimu, makarani na mabwana shamba, watu waliokwisha kulipa kodi ya chumba. Gharama yake ilionekana haraka kwa wanawake. Miaka ile ya kungoja ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, idadi ya wasichana chuoni ikapungua, na baada ya miaka michache wakaruhusiwa kuingia bila kungoja. Kwa wanaume sharti lililegezwa polepole baadaye.

Kenya nayo ilijaribu kwa njia yake. Kuanzia 1984 wanafunzi waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu walipelekwa kwanza Gilgil, katika kambi ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, wakakimbizwa na kufundishwa gwaride. Serikali ya Rais Moi ilikuwa na mashaka na vyuo vilivyogoma mara kwa mara, na wengi waliona kambi ile ni kiganja cha kunyamazisha. Mpango huo ulikufa mwaka 1990. Mfano bora wa Kenya wa mguu na kalamu haukutoka Gilgil. Ni Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, akasoma Marekani mpaka shahada ya uzamivu, akarudi kuwa profesa wa sayansi ya mazoezi na michezo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tanzania inaye Suleiman Nyambui, mshindi wa fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, ambaye pia alikimbia kwa miaka kadhaa katika chuo kikuu cha Texas kule El Paso huku akisoma. Kwa hao wawili kukimbia hakukuwa deni la mtu yeyote. Ndiko kulikowapeleka darasani.

Kosa la kambi na la shule lilikuwa dogo kulitazama, kubwa kwa matokeo. Mazoezi yaleyale yaliyojenga mwili yalitumika kama adhabu. Aliyechelewa alikimbia. Aliyejibu vibaya alipiga pushapu. Aliyecheka kwenye mstari aliruka kichurachura mbele ya wenzake. Mtoto aliyelelewa hivyo tangu darasa la kwanza mpaka kambini alijifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kulifundisha: mtu huru hakimbii. Anayekimbia ameamrishwa, au ana kosa. Ndiyo maana siku ya kumaliza JKT wengi waliziacha raba zao kambini, au walizitundika juu ya mti kwa shangwe, na hawakununua nyingine kwa miaka 20.

Mwaka 1994 serikali ilisitisha mafunzo ya lazima. Sababu ilikuwa fedha. Kulisha na kuvisha maelfu ya vijana kulishinda hazina iliyokuwa chini ya masharti ya mageuzi ya uchumi. Hakuna kilichowekwa mahali pake. Michezo ya shule nayo ilidhoofika, mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yakasimamishwa kwa miaka kadhaa kabla ya kurejeshwa, viwanja vikaliwa na majengo ya madarasa na maduka. Vyuo viliongezeka na kujaa. Kizazi kizima cha wasomi kiliingia na kutoka bila kipenga, bila jembe, na bila mtu wa kukiambia kwamba mguu ni dawa.

Maisha ya mwanafunzi wa siku hizi yanajulikana kwa kila aliyepita chuoni. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likiingia, wiki mbili za chipsi mayai. Likiisha, chai na maandazi. Usiku wa kuamkia mtihani ni wa desa na soda, macho kwenye simu mpaka saa tisa. Kutoka hosteli mpaka darasani kuna bodaboda. Mgongo unauma ukiwa na miaka 22. Usingizi unakuja asubuhi katikati ya kipindi. Hofu ya mtihani inageuka kukosa hamu ya kula, halafu kukosa hamu ya kuonana na watu. Hapo ndipo mazoezi yanapofanya kazi ambayo hakuna mtu wa 1966 aliyeitaja: huboresha usingizi, hupunguza wasiwasi na dalili za sonona, huirudishia akili uwezo wa kukaa kwenye jambo moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za zoezi la kadiri kwa wiki, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Ukizigawa, kiwango cha chini ni kama dakika 20 kwa siku. Mchakamchaka wa shule ya msingi ulikuwa unafika hapo kabla ya kengele.

Machi 2013 Rais Jakaya Kikwete alirudisha mafunzo ya lazima. Wa kwanza kuonyesha mfano walikuwa wabunge vijana, wakiwamo Zitto Kabwe na Halima Mdee, waliovaa magwanda na kukimbia na kuruta wengine huku picha zao zikijaa magazetini. Safari hii muda ulikuwa mfupi. Kwa wahitimu wa kidato cha sita umekuwa takriban miezi mitatu, na kwa miaka mingi kambi hazikutosha kuwachukua wote. Miaka miwili baada ya kuirudisha JKT, jina la rais huyohuyo lilipewa taasisi ya moyo iliyofunguliwa Muhimbili, ambako leo wamo wasomi wa operesheni za zamani, wengine wakiwa wamelala wakisubiri mishipa yao izibuliwe. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Lugha ilikuwa imegeuka. Serikali iliyokuwa ikidai jasho kwa ajili ya mashamba sasa ilikuwa ikiliomba kwa ajili ya presha na kisukari.

Wananchi walikuwa wameshatangulia. Katika mitaa ya Temeke na Mbagala, na Unguja pia, vikundi vya mbio za pole, ambavyo watu huviita jogingi, vimekuwa vikikusanyika Jumapili alfajiri. Wana fulana za rangi moja zenye jina la kikundi mgongoni, wana mweka hazina, wana michango ya msiba. Kuna mama lishe, fundi seremala, polisi aliyestaafu, kijana wa bodaboda. Na wanaimba. Mtu anayekimbia pembeni anatupa ubeti, kundi linaitikia, kisigino cha kushoto kinapiga lami. Nyimbo nyingi ni zilezile za kambini na shuleni, zimebadilishwa maneno kidogo ili zitaje mtaa au timu. Kitu pekee kilichoachwa ni kichurachura. Anayechelewa hutozwa faini ya chupa ya maji, na anayechoka hutembea na mtu wa kumsindikiza mpaka apate pumzi.

Vyuo vikuu bado havijajifunza kwa watu hao, na ratiba yenyewe inaonyesha mahali pa kuanzia. Kidato cha sita hufanya mtihani Mei. Kambi huchukua miezi inayofuata. Vyuo hufungua karibu na Oktoba au Novemba. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafika Mlimani, au Dodoma, au Mzumbe, akiwa na mapafu mazuri kuliko atakayowahi kuwa nayo tena, akizijua chenja 30 kwa moyo, akiwa bado anaamka mwenyewe saa kumi na nusu bila saa ya kengele. Wiki ya kwanza anaamka, anakaa kitandani, anasikiliza. Korido iko kimya. Mwenzake wa kitanda cha juu naye yuko macho, naye alikuwa Mafinga, naye anasikiliza. Raba ziko chini ya kitanda, kamba zimechomekwa pembeni kama zilivyozoea. Barabara ya kushuka kilimani haina magari saa hiyo, na kuna mwinuko mzuri wa kurudia.